Biashara ya Ripita: Nani Hulipia Kuta za Nyumba?

Katika biashara ya vyombo vya nyumba vinavyojiendesha, ambayo tangu mwanzo wa karne hii imekuwa ikipanuka Ulaya na Marekani, hakuna bidhaa ya ajabu kama ripita, kwani haiwashi taa, haipimi joto, wala haifungui mlango, na mshitiri huinunua kwa sababu moja tu, ili kihisi alichokwisha kukilipia kipate kufikisha habari zake kwenye kituo kikuu.

Asili ya haja hiyo ni betri. Kihisi cha mlango au cha dirisha aghalabu hutumia betri ndogo ya mviringo, ya volti 3 na akiba ya takriban miliampea-saa 220, nayo haiwezi kudumu mwaka au zaidi ila kwa masharti mawili: kwamba kihisi kilale karibu wakati wote, na kwamba kila kiamkapo kiseme kwa sauti ndogo ya redio. Sauti hiyo, ikikabiliana na ukuta wa zege wenye nondo, hufifia. Ndipo anapohitajika mwenye kuipokea katikati na kuipeleka mbele, mfano wa tarishi wa zamani aliyemngoja mwenziwe njiani. Na tarishi huyu hana ruhusa ya kulala, kwa kuwa hajui barua itafika saa ngapi. Redio isikilizayo mfululizo hula miliampea 10 hata 20, kiasi ambacho kingeimaliza betri ile kabla siku haijatimia. Kwa hiyo ripita sharti ichomekwe kwenye soketi ya umeme, na umeme ukikatika, vihisi vya mbali huwa mabubu ilhali betri zao zingali nzima, jambo ambalo mwenye kutegemea king'ora cha wezi angestahili kuambiwa kabla ya kutoa fedha zake.

Kampuni ya Zensys, iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 1999, ndiyo iliyobuni Z-Wave, mtindo wa redio wa kuunganisha vyombo hivyo, ambao kwa kanuni zake nyumba moja huchukua vituo 232, yaani vifaa, na habari huweza kupitia ripita zisizozidi 4. Ilichagua masafa ya megahezi 868 kwa Ulaya na 908 kwa Marekani, yaliyo chini mno ya zile gigahezi 2.4 ambamo Zigbee, mtindo mwenza wa redio ya nyumba, na Wi-Fi husongamana, na kwa hiyo hupenya kuta kwa wepesi zaidi. (Anayeletewa ripita na jamaa yake aliye Marekani, ilhali kituo kikuu chake kimetoka Ujerumani, amepata pambo la soketi, basi.)

Walakini werevu wa wafanyabiashara wa Zensys haukuwa katika ripita yenyewe. Walikifanya kila kifaa chenye kutumia umeme wa nyumba, iwe plagi au swichi ya taa, kiwe ripita pasipo malipo ya ziada, hata mwenye kununua cha tatu akawa amekiimarisha cha kwanza. Na kadiri anavyoongeza, ndivyo inavyomwia vigumu kuhamia mtindo mwingine. Kampuni ya Sigma Designs iliinunua Zensys mwaka 2008, na mwaka 2018 kampuni ya Silicon Labs ikalipa dola milioni 240 kwa biashara ya Z-Wave; nami sidhani kwamba fedha zote hizo zililipia chipu, bali zililipia pia wateja waliokwisha kufungamanishwa na kuta za nyumba zao.

Philips ilifuata njia hiyo hiyo kwa Zigbee mwaka 2012, ilipoleta globu za Hue ambazo kila moja hupokeza habari za mwenzake. Kasoro yake ni swichi ya ukutani: mgeni akizima taa, kama ilivyo desturi ya watu wote, ripita imekufa, na kihisi cha bustanini kimepoteza njia. Hapo ndipo ripita zisizo na kazi nyingine, kama zile ziuzwazo na kampuni za IKEA na Aeotec, zinapopata mshitiri, maana hakuna anayekumbuka kuzizima.

Mwaka 2020 ulitangazwa mtindo wa Z-Wave wa masafa marefu, ambao vituo vyake, hata 4,000, husema na kituo kikuu moja kwa moja pasipo ripita yoyote. Wako wanaodhani huo ndio mwisho wa bidhaa hii. Lakini chipu za vizazi vya kwanza haziwezi kufundishwa mtindo huo, na mwenye nyumba aliyekwisha kujaza swichi za zamani ukutani hatazing'oa zote kwa ajili ya kihisi kimoja cha gereji, atanunua ripita.