Upele wa Mbuzi na Tiba Yake

Katika mitaa ya Makupa, kisiwani Mombasa, wako watu wafugao mbuzi uani, na watoto humzoea mnyama huyo kama mmoja wa watu wa nyumba. Kwa hiyo yampasa mwenye mbuzi kuitazama ngozi yake mara kwa mara, kwani upele wa mbuzi huweza kumwasha na binadamu pia.

Upele huu hauletwi na husuda wala na upepo mbaya. Sababu yake ni utitiri, mdudu mdogo mno ambaye jike lake huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku 3 au 4 hivi. Mbuzi hujikuna ukutani, manyoya hunyonyoka usoni na masikioni, na ngozi huwa nene yenye magaga. Asipotibiwa hukonda, na maziwa yake hupungua.

Wako wampakao mbuzi mafuta machakavu ya motokaa. Jambo hili ni la hatari, kwa maana mafuta hayo yana sumu, na mbuzi hujiramba. Tiba iliyo bora ni sindano ya ivamektini. Asili ya dawa hiyo ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani, na wataalamu wawili walioivumbua, Satoshi Omura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Daktari wa mifugo ndiye apimaye kiasi cha dawa kwa uzito wa mnyama. Kwa kuwa dawa haiui mayai, sindano hurudiwa baada ya siku 14 hivi. Mbuzi wote waliokaa pamoja hutibiwa, na banda na kamba husafishwa.

Mtu aliyeambukizwa na mbuzi huwashwa kwa siku chache tu, mradi mbuzi ametibiwa. Muwasho ukizidi, na aende hospitali.

Jambo la mwisho lawahusu wanunuao mbuzi wa Idi Kubwa. Mnyama mwenye ugonjwa ulio dhahiri hafai kwa udhhiya. Na aliyedungwa sindano nyama yake hailiwi, wala maziwa yake hayanywewi, mpaka zitimie siku alizoagiza daktari. Basi mnyama na akaguliwe mapema, siku ya kununuliwa, wala isingojewe siku ya kuchinja.