Maziwa Hayaui Mafuta ya Taa

Mtoto akinywa mafuta ya taa, nyumba nzima hutafuta maziwa. Yakikosekana hapa yataombwa kwa jirani, na jirani asipokuwa nayo kuna mawese, yai bichi, maji ya chumvi. Mmoja anamshika mtoto miguu, mwingine anamtia kidole kooni ili aitapike ile sumu. Yote hufanywa kwa mapenzi na kwa haraka, na karibu yote humwongezea mtoto hatari. Leo nataka kueleza kwa nini, maana mzazi aliyeambiwa "usifanye" bila kupewa sababu, siku ya taharuki atafuata alichofundishwa na bibi yake.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalitarajii: shida haiko tumboni. Mafuta ya taa yakishafika tumboni, ni machache sana yanayofyonzwa kuingia kwenye damu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akipiga funda moja, ni kama mililita 5, ujazo wa kijiko cha chai, na mara nyingi ladha yenyewe humkatisha kabla ya funda la pili. Atanuka mafuta, atacheua, pengine ataharisha kidogo. Kinachoua ni mapafu.

Mafuta ya taa ni mepesi mno kutiririka. Sifa hiyo ndiyo inayoyapandisha kwenye utambi wa koroboi bila kusukumwa na mtu, na ndiyo hiyo hiyo inayoyafanya yatambae ndani ya kifua. Mtoto akipaliwa, kile kidogo kinachoponyoka kuingia njia ya hewa husambaa upesi hadi kwenye vifuko vidogo kabisa vya mapafu. Vifuko hivyo vimepakwa utando mwembamba unaovizuia visinywee kila tunapotoa pumzi. Mafuta ya taa huuharibu utando huo. Vifuko vinanywea, vinajaa majimaji, na oksijeni haipiti tena kuingia kwenye damu. Mililita 1 ikifika huko inaweza kutosha kumlaza mtoto wodini akiwa na mipira ya oksijeni puani.

Sasa rudi kwenye kile kidole. Mafuta yaliyokwisha kupita salama yanarudishwa kooni kwa nguvu, mbele ya mlango ule ule wa njia ya hewa, huku mtoto akilia na kuvuta pumzi kwa kwikwi. Pengine alikuwa hajapaliwa mara ya kwanza, sasa atapaliwa. Maziwa nayo hayayeyushi mafuta ya taa wala hayayabadili kuwa kitu kingine. Yanachofanya ni kulijaza tumbo, na tumbo lililojaa la mtoto anayelia hutapika. Maji ya chumvi ni mabaya kupita yote, kwa sababu chumvi nyingi katika damu ya mtoto mdogo huyavuta maji kutoka kwenye ubongo na inaweza kuleta degedege na kifo, hata kama mafuta yenyewe yasingemdhuru.

Tusimcheke bibi. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani waliwashauri wazazi waweke nyumbani dawa ya maji ya kutapisha, inayotokana na mmea uitwao ipecac, tayari kwa ajali za mtoto kunywa sumu. Ni mwaka 2003 ndipo American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo, kilipotoa ushauri kwamba dawa hiyo isitumike tena nyumbani. Na kwa mafuta ya taa, hata wakati kutapisha kulipokuwa kunasifiwa, lilikuwa jambo lililokatazwa.

Basi ufanye nini? Mengi ya kufanya hayapo, na hilo ndilo linalowashinda watu. Mpangushe mdomo. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa sabuni na maji, maana mafuta yakikaa mwilini humbabua. Na ufanye hivyo mbali na jiko linalowaka. Mkalishe wima. Akitapika mwenyewe, mwinamishe mbele. Akiwa amelegea, mlaze ubavu. Usimpe chochote cha kunywa. Kisha nendeni hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, bila kumsubiri baba atoke kazini.

Ile chupa nendeni nayo. Mara nyingine kilichodhaniwa kuwa mafuta ya taa ni petroli, tina ya kuchanganyia rangi, au dawa ya wadudu ya shambani, ambayo baadhi yake huchanganywa na mafuta ya jamii hiyo hiyo. Mtoto anayetokwa mate mengi, anayetoka jasho, ambaye mboni za macho zimekuwa ndogo mno, huyo sisi wa hospitali tutamshuku kwa dawa ya wadudu, na tiba yake, sindano za atropini, ni tofauti kabisa. Kunusa chupa kunaweza kutuokolea muda mwingi wa kubahatisha.

Njiani mtazame kifua. Je, alikohoa au kupaliwa palepale aliponywa? Hilo ni dalili kwamba huenda kitu kimeshuka kusikotakiwa. Mfunue nguo akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa wa miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi. Mbavu zinazobonyea ndani kila anapovuta hewa, pua zinazotanuka, kugumia, usingizi usio wa kawaida, midomo kubadilika rangi: hizo hazingoji foleni, mwambie muuguzi wa kwanza utakayemwona.

Hospitalini wazazi wengi hushangaa tusipotoa dawa. Dawa ya kuyaua mafuta ya taa haipo. Tunampa oksijeni anayeihitaji na tunamwangalia. Homa ya siku ya kwanza mara nyingi hutokana na mapafu kuchomwa na mafuta, si vijidudu, kwa hiyo antibiotiki si lazima kwa kila mtoto. Asiyeonyesha dalili yoyote kwa saa 6 kwa kawaida huruhusiwa, kwa maagizo kwamba arudishwe akianza kukohoa, kuhema au kupata homa. Picha ya eksirei iliyopigwa mapema mno inaweza kuonekana safi na baadaye ikabadilika, ndiyo maana tunaamini zaidi kifua tunachokiona kwa macho.

Kuna jambo linaloniudhi, nalo halimo kwenye kemia. Mama anafika mapokezi na kusema mtoto "ana kikohozi tu". Anamwogopa mumewe, anamwogopa mama mkwe, na zaidi anatuogopa sisi, kwa sababu amewahi kusikia muuguzi akimfokea mwenzake mbele ya watu. Matokeo yake mtoto anatibiwa nimonia ya kawaida. Anayefoka mapokezini anajinyima historia ya mgonjwa, na bila historia hatuna kitu.

Na lawama zenyewe ziende panapostahili. Mafuta ya taa huuzwa kwa kipimo, na mnunuzi huja na chombo chake: chupa ya soda, chupa ya maji. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, ila chupa anaijua vizuri sana. Ni ile ile anayopewa akiwa na kiu. Dumu lenye kifuniko cha kuzungusha, lisiloonyesha kilichomo ndani, likatundikwa kwenye msumari juu ya kimo cha mtoto aliyepanda kigoda, lingetupunguzia wagonjwa wengi. Muuza duka naye anaweza kukataa kumimina kwenye chupa ya soda.

Taa za sola zimeingia, majiko ya gesi yameongezeka, na katika nyumba nyingi koroboi imekwisha kazi. Chupa haijaenda popote. Sasa imejaa sabuni ya maji ya kupimiwa, dawa ya kusafishia choo, au maji ya kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Kostiki haina haja na mapafu. Inaunguza njia ya chakula, na kovu lake baadaye huibana njia hiyo hadi mtoto ashindwe kumeza hata uji. Hapa pia asitapishwe, maana itamuunguza mara ya pili ikipanda. Wala asipewe ndimu eti ikate makali. Msuuze mdomo, mwende hospitali siku hiyo hiyo hata kama midomo na ulimi havina kidonda, kwa sababu njia ya chakula inaweza kuwa imeungua huku mdomo ukiwa mzima.