Bima ya afya: daktari analipwa na nani?

Umeteremka kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini, kadi ya bima mkononi. Umetibiwa, na hukutoa hata shilingi. Je, daktari kalipwa na nani?

Bima haimlipi daktari mkononi, hulipa hospitali. Hospitali hupeleka madai, bima huyahakiki, kisha hulipa. Daktari wa serikali hupata mshahara wa serikali; wa hospitali binafsi hulipwa na mwajiri wake.

Tofauti iko kwenye bei. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, hulipa kwa kitita, yaani orodha ya huduma na dawa zenye bei zilizopangwa. Kampuni binafsi za bima hukubaliana bei na hospitali kwa mkataba.

Wasipoelewana, anayeumia ni mgonjwa. Machi 1, 2024, kitita kipya kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF, zikisema bei ni ndogo mno.

Kwa hiyo, kama si dharura, piga simu kabla ya kupanda gari. Uliza: "Kadi yangu mnaipokea?"