Kifaru Kipya Juu, Mkongwe Chini

Katika magwaride ya miaka ya 2010 kwenye Uwanja wa Uhuru, Temeke, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipitisha vifaru ambavyo mtazamaji wa jukwaani angeapa kuwa vimetoka kiwandani juzi. Kichwa kilikuwa na mabamba yaliyochongoka kwa mbele, kama vifaru vya Kichina vya kizazi cha karibuni. Chini ya mabamba hayo alikuwamo mkongwe: Type 59, kilichoanza kuundwa China mwaka 1958 kwa kunakili T-54A ya Wasovieti, tani 36, askari wanne ndani, injini ya dizeli ya nguvufarasi 520. Kikishakarabatiwa huitwa Type 59G, na Tanzania ni miongoni mwa nchi chache zilizokichukua.

Sina ugomvi na uamuzi wenyewe. Kifaru kipya ni ghali, na askari na mafundi tayari walikuwa wanaujua mwili wa Type 59 nje ndani. Pakistan na Bangladesh zilipita njia hiyohiyo. Ukarabati wa namna hii hubadilisha mzinga, mitambo ya kulenga, darubini za usiku na ngao ya mbele. Usichobadilisha ni umbo: chumba ni kilekile chembamba, na makombora bado yamepangwa ubavuni mwa wanaoyafyatua. Chuma cha mbele ya kichwa kilikuwa na unene wa takriban milimita 200 kilipoundwa, ilhali roketi ya kawaida ya RPG-7, inayobebwa begani na mtu mmoja, hutoboa zaidi ya milimita 250. Mabamba mapya yanaziba pengo hilo kwa mbele tu. Juu pamebaki wazi, na huko Ukraine juu ndiko droni zinakoshukia. Urusi yenyewe, mwaka 2023, ilitoa T-54 na T-55 maghalani na kuzipeleka vitani, nyingi zikitumika kama mizinga ya kupigia kwa mbali, maana hakuna anayetaka kusogea nazo karibu.

Kwa Tanzania, vita vya kifaru vilikuwa vya Kagera, dhidi ya Uganda. Hata huko vifaru vilikuwa vichache kuliko watu wanavyosimulia: Brigedi ya 201 ilipokutana na Walibya waliokuwa wakiisaidia Uganda pale Lukaya, Machi 1979, ilikuwa na vitatu tu, na mambo yalikwenda vibaya. Kilichogeuza meza ni Brigedi ya 208, iliyozunguka kwa miguu gizani na kumpiga adui kutoka upande asioutarajia. Kampala ikaanguka Aprili 11. Tangu hapo askari wetu wamekufa katika vita vya sura nyingine, kama pale Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 7, 2017, waasi walipovamia kambi ya walinda amani. Oktoba 2020 wavamizi kutoka Cabo Delgado walivuka hadi Kitaya, Mtwara. Kifaru, kiwe kimekarabatiwa au la, hakingefika mapema katika lolote kati ya matukio hayo.

Ila silaha za ghalani zilishatuua, tena nyumbani. Aprili 29, 2009 ghala la mabomu la Mbagala lililipuka. Chini ya miaka miwili baadaye, Februari 16, 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Kila mara walikufa zaidi ya watu 20. Nyumba zilibomoka, na watoto waliokimbia usiku ule wa Gongo la Mboto walipotezana na wazazi wao. Sisemi yaliyolipuka ni makombora ya vifaru. Ninachosema ni kwamba kombora la kifaru nalo huzeeka ghalani. Baruti ya kurushia ina kemikali ya kuituliza, nayo hupungua mwaka hadi mwaka, upesi zaidi penye joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili kwa wingi. Dawa yake inajulikana: kupima sampuli, kutenga makombora yaliyochoka, kuyateketeza mbali na watu. Ni kazi ya kuchosha isiyo na jukwaa wala wimbo wa taifa, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Wakati huohuo mji haukusubiri. Mbagala iliyokuwa pembezoni ilijaa nyumba hadi kwenye uzio wa kambi.

Hapa ndipo ukarabati unapoacha deni. Kifaru kinapowekewa mzinga wa kipenyo kingine, makombora ya milimita 100 yaliyonunuliwa kwa miongo kadhaa hayaondoki na mzinga wa zamani. Yanabaki ghalani, yakisubiri vifaru vinavyopungua. Mkataba wa ukarabati huorodhesha darubini, injini na mafunzo ya wanajeshi; gharama ya kuteketeza shehena ya zamani si sehemu ya biashara ya muuzaji. Wizara ya Ulinzi ikitaka awamu nyingine ya kufufua vifaru hivi, basi bei ya kuteketeza iandikwe katika jedwali lilelile la bei ya mzinga, na ilipwe kwanza.