Jagwa walisifiwa Ulaya, lakini mwenye kanda ni nani?

UTETE. Fedha za ufuta zikishaingia mikononi mwa wakulima wa Rufiji, shughuli huanza kupangwa: harusi, jando, kutoa mwali. Spika hukodishwa, vikundi vya ngoma na mchiriku huitwa, na vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi hupata wateja. Msimu wa korosho huleta hali hiyo hiyo. Ni katika miezi hiyo ambapo mfanyabiashara mwenye mtaji kidogo hushawishika kulipia kikundi cha vijana kirekodi nyimbo zake, akitumaini faida.

Je, hiyo ni biashara? Safu hii imeamua kulipima suala hilo kwa kutumia mfano wa Jagwa Music, kundi la mchiriku la Dar es Salaam. Albamu yake ya kwanza kwa soko la nje, Bongo Hotheads, ilitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, Ubelgiji. Albamu hiyo ilisifiwa sana na wahakiki wa Ulaya. Somo lake kwa mwekezaji mdogo wa Utete, Ikwiriri au Kibiti ni kubwa kuliko sifa zenyewe.

Bidhaa yenyewe

Mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, ulikua katika vitongoji vya uswahilini vya Dar es Salaam, na mizizi yake iko katika ngoma za Wazaramo, majirani wa Wandengereko wa huku Rufiji. Mtaji wake wa kuanzia ulikuwa mdogo. Kinanda kidogo cha Casio, ambacho kwingine kilikuwa kama mchezo wa watoto, kiliunganishwa na vipaza sauti vya honi. Ngoma kadhaa zikaongezwa, na mwimbaji mwenye mapafu ya kutosha kuvuka kelele hizo. Kundi halikuhitaji gitaa la bei kubwa wala ukumbi. Uwanja wa mtaa ulitosha.

Jagwa walianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kipindi ambacho biashara ilikuwa imefunguliwa na kanda za kaseti zilikuwa zimejaa Kariakoo. Muziki wao ulitazamwa na wakubwa wengi kuwa ni wa wahuni, na redio hazikuupa nafasi kubwa. Hata hivyo uliuzika. Kanda zilisafiri na wachuuzi kwa barabara ya Kilwa pamoja na sabuni na vitenge, zikavuka Mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, kwani Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Kwa hiyo mteja wa Utete aliujua mchiriku miaka mingi kabla ya mhakiki wa London.

Kilichotokea mwaka 2012 ni kwamba bidhaa iliyokuwapo sokoni kwa takriban miaka 20 ilifungashwa upya na kupelekwa kwa mnunuzi mwingine. Mtayarishaji wake, Werner Graebner, ni Mjerumani mtafiti wa muziki ambaye alikwishafanya kazi kwa muda mrefu na wanamuziki wa Afrika Mashariki.

Kwa nini wahakiki walisikiliza

Mfanyabiashara atauliza: makundi ya mchiriku yalikuwa mengi, mbona hili ndilo lililosikika? Ubora ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni njia ya kufikia soko.

Crammed Discs ni kampuni huru, si tawi la makampuni makubwa ya muziki duniani. Kabla ya Jagwa ilikwisha kulitayarisha soko. Mwaka 2004 ilitoa Congotronics, albamu ya Konono No. 1 ya Kinshasa, kundi linalopiga likembe zilizounganishwa na vipaza sauti vya kujitengenezea. Konono walipata tuzo ya muziki wa dunia ya BBC Radio 3 mwaka 2006, na mwaka 2007 walisikika katika albamu ya Björk, mwimbaji wa Iceland. Jagwa walipofika, mhakiki wa Ulaya alikwisha kuizoea sauti ya vyombo duni vinavyokoroma kwa nguvu, na alikuwa na mahali pa kuiweka. Wengi waliifananisha na panki, yaani roki ya vijana wasio na fedha iliyovuma Uingereza na Marekani katika miaka ya 1970. Kilichoitwa uhuni nyumbani kiliitwa nguvu na ujasiri huko.

Njia hiyo imetumika tena. Mwaka 2017 kampuni nyingine huru, Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Singeli ni mtoto wa mchiriku, na sifa za wahakiki wa nje zilikuja tena, safari hii kupitia mlango wa Uganda badala ya Ubelgiji.

Sifa ni daraja, siyo malipo

Hapa ndipo mkulima wa korosho atatuelewa haraka kuliko mwanamuziki. Korosho zikipimwa na kuonekana ni daraja la kwanza, anayefaidika ni yule ambaye bado ni mwenye mzigo siku ya mnada. Aliyeuza kangomba mwezi mmoja kabla, mzigo ukiwa bado mtini, atasikia bei nzuri ikitangazwa na haitamhusu.

Uhakiki wa albamu hufanya kazi kama upimaji huo. Mhakiki hanunui mzigo. Anasema tu kwamba ni wa daraja gani, na kuanzia hapo mwenye kuandaa tamasha, redio na kampuni ya filamu wanajua pa kuulizia. Wakija, watamwuliza mwenye haki. Ikiwa kundi liliuza kanda ya asili kwa malipo ya mara moja, sifa zote zinaongeza thamani ya mali ya mtu mwingine.

Katika biashara ya kaseti ya miaka ya 1990 nchini, kuuza kwa mara moja ulikuwa ni utaratibu wa kawaida kabisa. Msanii alipewa fedha, akaacha kanda, na msambazaji akadurufu kadiri alivyoweza. Nakala za wizi nazo zilimwumiza hata msambazaji. Hatusemi hivyo kuhusu mkataba wa Jagwa na Wabelgiji, ambao ni jambo lao wenyewe. Tunasema tu kwamba vikundi vya hapa vingali vinauza kwa namna ile ya zamani, na wanunuzi wake ni wasomaji wa safu hii.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 8 kinachotaka kurekodi nyimbo 6 kwa gharama ya Sh 600,000. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu.

Njia ya kwanza ni kangomba. Mfanyabiashara anatoa Sh 1,000,000 na kuchukua haki zote. Kikundi kinalipa studio, kinabaki na Sh 400,000, kila mmoja Sh 50,000, na habari imekwisha. Nyimbo zikiingiza Sh 2,400,000, mfanyabiashara anapata faida ya Sh 1,400,000. Zikiingiza Sh 500,000 tu, anapata hasara ya Sh 500,000.

Njia ya pili ni kukopesha. Mfanyabiashara anatoa Sh 600,000 za studio, anarudishiwa hizo kwanza, kisha kinachobaki wanagawana nusu kwa nusu. Kikundi kinabaki na haki. Zikiingia Sh 2,400,000, faida ya mfanyabiashara ni Sh 900,000, na kikundi kinapata Sh 900,000, yaani Sh 112,500 kwa kila mmoja. Zikiingia Sh 500,000, hasara ya mfanyabiashara ni Sh 100,000.

Msomaji ataona kuwa njia ya kwanza inampa mwenye mtaji faida kubwa zaidi endapo bahati itasimama. Lakini nyimbo nyingi hazivumi. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni duka moja, hasara ya laki moja inastahimilika na ya laki tano inaweza kufunga mlango. Njia ya haki kwa msanii ndiyo pia yenye hatari ndogo kwa mkopeshaji, na hilo halisemwi mara nyingi.

Kuna sababu nyingine. Hapa Utete fedha ya muziki haiko kwenye kuuza nakala, kwani memori kadi moja ikijazwa, kijiji kizima kinagawana. Fedha iko kwenye shughuli. Rekodi ni tangazo linalokileta kikundi uwanjani. Kikundi ambacho bado kina sehemu yake katika nyimbo kitazipiga kila harusi na kuzitangaza. Kilichoziuza kitatunga nyingine, na mwenye mtaji atabaki na kanda isiyo na mpigaji.

Karatasi kwanza

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Waimbaji, wapigaji na mtayarishaji wa rekodi nao wana haki zao. Haki huanza kazi inapotungwa. Kuisajili COSOTA, chombo kilichoanza mwaka 2001, kunasaidia ushahidi pale ugomvi unapozuka. Uhamishaji wa haki za kiuchumi hufanywa kwa maandishi na kutiwa sahihi, kwa hiyo makubaliano ya mdomo chini ya mwembe hayamsaidii msanii wala mwenye fedha.

Mkataba wa ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha kuanzia. Utaje nyimbo kwa majina, nani mtunzi, fedha iliyotolewa, inavyorudishwa, mgawo baada ya hapo, na muda. Muda ni muhimu. Mpe mwenye mtaji miaka mitatu au mitano, kisha haki irudi kwa kikundi. Kipengele cha soko la nje kiandikwe peke yake, hata kama leo kinachekesha. Jagwa nao walikuwa kundi la mtaani kwa miaka mingi kabla ya Brussels kubisha hodi.

Mtazamo wetu

Tusidanganyane kwamba kila kikundi cha mchiriku cha Rufiji kitaandikwa magazeti ya Ulaya. Wengi hawataandikwa, na hakuna sababu ya mfanyabiashara kuweka fedha kwa kutegemea hilo. Aweke kiasi anachoweza kukipoteza msimu mmoja bila kugusa mtaji wa duka, akopeshe badala ya kununua, na arudishiwe kutokana na shughuli za ufuta na korosho.

Kwa vijana wenye vinanda, ushauri ni ule ambao chama cha msingi kimewapa wazazi wao kwa miaka: shida ya leo isikufanye uuze mzigo ungali mtini. Siku mpimaji akija na kusema ni daraja la kwanza, jina kwenye stakabadhi liwe lako.