Unataka kuweka AC kwa DX ya zamani? Anza na rediata, kompresa itangoja

Wacha nikuanzie na hasara yangu, ndio ujue hizi si stori za kuokota.

Dinga yangu ni DX, KE70, ile Corolla ya mwisho ya saluni kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake ya kiwandani, 4K ya cc 1290, iliondoka kitambo. Nikaweka 4A ya cc 1587, nikashusha gari, nikabadilisha rimu. Wasee wa mtaa walikuwa wananipigia saluti. Desemba nikaona kilichobaki ni AC. Nikatoa ganji ambayo ingelipa semesta moja huko kwa chuo niliachana nayo, fundi akafunga, nikambeba mathe tukashika barabara ya Mombasa.

Tulifika Mtito Andei mshale wa temprecha umelala upande wa moto na mvuke unatoka kwa boneti. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeenda. Mathe alimalizia safari na basi, na hakuniongelesha hadi Januari.

Ajabu ni kwamba AC yenyewe haikuwa na shida. Ilipuliza baridi mpaka dakika ya mwisho. Shida ilikuwa kwa vitu ambavyo fundi hakuangalia, na mimi sikuuliza.

Sikia vile hii kitu hufanya kazi. AC haitengenezi baridi. Inatoa joto ndani ya gari na kulitupa nje. Kompresa, ambayo inazungushwa na mkanda wa injini, inakamua gesi mpaka inakuwa moto sana. Hiyo gesi inapita kwa kondensa pale mbele, inapoa na kuwa maji maji. Halafu inapenya kwa kivali kidogo cha ekspansheni, presha inashuka ghafla, na inaingia kwa ivaporeta iliyo nyuma ya dashibodi ikiwa baridi. Feni inapuliza hewa hapo, wewe unaskia raha. Wamarekani wa Packard waliweka AC kwa magari yao ya modeli ya 1940, na ivaporeta ilikuwa nyuma kwa buti. Kuizima kabisa ilibidi usimamishe gari, ufungue boneti, utoe mkanda. Kwa hivyo ukiona swichi yako inasumbua, kumbuka kuna watu waliteseka zaidi.

Sasa angalia kondensa inakaa wapi: mbele ya rediata. Maana yake ni kwamba hewa inayofikia rediata imeshapashwa moto. Juu ya hiyo, kompresa inakula nguvu ya injini, na injini inayofanya kazi zaidi inatoa joto zaidi. Kama rediata yako ni ile ndogo ya 4K na sasa inapoza 4A, ulikuwa umeishi kwa neema tu. AC inakuja kumaliza neema.

Kuna kitu watu wa Nairobi husahau. Tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, so huku maji hayangoji digrii 100, yanachemka kwa kama 94. Kinachookoa injini ni kifuniko cha rediata, kwa sababu kinashikilia presha na kuinua hicho kiwango. Kile chenye raba imekauka ni pambo. Ni kitu cha bei ya chini kabisa kwa hii kazi yote, na ndicho mimi sikubadilisha. Weka kipya, weka rediata ya safu mbili au tatu, na feni ya umeme kwa kondensa inayowaka kila AC ikiwaka. Kwa jam ya Jogoo Road hakuna upepo wa bure. Na usimimine maji ya mfereji peke yake, tia kuleni.

Ukimaliza hapo, ingia kwa umeme. Piga hesabu na mimi. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja ni kama ampea 9. Feni ya ndani ikiwa juu kabisa inaweza kula 15. Feni ya kondensa inaongeza kama 10, na klachi ya kompresa 3 au 4. Hiyo ni karibu 40, na hatujahesabu injini, pampu ya petroli, wala hiyo woofer uliyoficha kwa buti. Alteneta nyingi za magari ya zama hizo zilikuwa za ampea 40 hadi 50, tena zikiwa mpya. Usiku, mvua inanyesha, waipa zinafanya kazi, utaona taa zinafifia kama kandili. Tafuta alteneta kubwa, na kila feni iwe na rilei na fyuzi yake. Waya moja iliyobeba kila kitu ndiyo huchoma gari.

Kama uliweka injini ya sindano kama mimi, muulize fundi kama waya wa AC umeunganishwa kwa kompyuta ya injini. Kazi yake ni kuiambia injini iongeze sailensa kidogo kabla kompresa ishike. Wengi waliofanya swap waliukata huo waya kwa sababu wakati huo haukuwa na kazi. Bila huo, ukisimama kwa taa gari inatetemeka, halafu inazima, halafu matatu ya nyuma inakupigia honi na matusi.

Hatua ya gesi ndiyo wajanja hukulia watu doo.

Magari ya zamani yalitumia R12. Hiyo iliangushwa na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na nafasi yake ikachukuliwa na R134a. Ukiokota kompresa ya zamani kwa chuma chakavu, ndani kunaweza kuwa na oili ya R12, na hiyo haitembei pamoja na R134a. Gesi inazunguka, oili inabaki mahali, kompresa inakwama. Mahosi na oringi za zamani pia hazifai, hii gesi mpya hupenya raba ya zamani. Nunua zinazokubali R134a, na draya mpya. Draya inanyonya unyevu, na ikikaa wazi hewani imeshaisha kazi hata kama bado inang'aa.

Kabla gesi iingie, fundi lazima aunganishe pampu ya kunyonya hewa na aiache kwa nusu saa hivi au zaidi. Hiyo inatoa hewa na unyevu. Halafu anazima pampu na mnakaa mkiangalia geji. Mshale ukipanda, kuna mahali panavuja. Fundi akikuambia "hiyo si lazima, napiga gesi tu," chukua funguo zako uende. Unyevu ukibaki unaganda pale kwa kivali, AC inapoza kwa dakika kumi halafu inapuliza joto, na wewe unarudi kulipia gesi tena kila mwezi.

Akikuambia atakuwekea gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi, ondoka ukikimbia. Ni kweli inapoza. Lakini ivaporeta iko karibu na magoti yako, na ikivuja hiyo gesi inaingia mahali umekaa. Na usikubali afunge swichi ya presha moja kwa moja ndio "isisumbue". Hiyo ndiyo inazima kompresa gesi ikiisha au presha ikizidi.

Halafu kuna matundu. Ukibadilisha injini, ukuta kati ya injini na miguu yako unabaki na matundu ya waya na kebo za zamani. Joto lote linapitia hapo. Ziba, weka raba mpya za milango, tandika mkeka wa kuzuia joto chini ya kapeti. Mimi nilifanya hivyo mara ya pili na gari ilikuwa imepoa vizuri kabla hata AC iwashwe. Vile vifeni vya mtandaoni unavyotia barafu navyo, wachia wenye vinauzwa.

DX imerudi barabarani. Rediata mpya, kifuniko kipya, geji ya temprecha niliyoweka juu ya dashibodi ndio nisiikose. Pasaka tulifika Mombasa bila kusimama kwa mvuke. Mathe alikaa nyuma, AC inapuliza, na ile leso yake ya kujipepea ameishika mkononi safari nzima, just in case.