Studio ya katuni Butembo na Beni: makuta yanaenda wapi?

Vijana wa Butembo na Beni wanaotaka kufungua studio ya katuni huanza kwa kuulizana programu ipi ni bora. Swali si baya, ila makuta mengi hayaendi huko. Filamu ya dakika tatu inaweza kutengenezwa kwa programu isiyolipiwa hata faranga moja, na bado ikawashinda wenyewe kuimaliza, kwa sababu ya esanse, mega na siku za kazi ambazo hakuna aliyezihesabu mapema. Hesabu zilizo hapa ni za studio ya watu watatu, yenye filamu moja ya dakika tatu mkononi. Bei za programu ni zile zinazotangazwa na watengenezaji wenyewe. Za sokoni nimezitangulizia neno "tuseme", nawe uweke bei ya siku yako badala yake.

Tuanze na mikono. Filamu hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Wachoraji wengi huchora picha 12 tu na kuiacha kila moja ikae fremu mbili, na jicho halilalamiki. Dakika tatu ni sekunde 180, kwa hiyo michoro 2,160. Tuseme kila mchoro, tangu penseli hadi rangi, unakula dakika kumi: hizo ni saa 360, yaani siku 45 za mtu mmoja anayefanya kazi saa nane, au siku 15 za watu watatu ambao katika muda huo hawaugui wala hawaendi kilioni. Njia ya pili ni vikaragosi vya vipande. Kichwa, mikono, miguu na mdomo vinachorwa mara moja, vinaunganishwa kwenye viungo, kisha vinasogezwa. Tuseme wahusika ni wanne, kila mmoja siku mbili za kumtengeneza, na baada ya hapo kila mfanyakazi anatoa sekunde kumi za filamu kwa siku. Jumla ni siku 26 za mtu mmoja badala ya 45. Ukilipa posho ya dola 8 kwa siku, umetumia dola 208 badala ya 360.

Kwa studio inayoanza, mimi naona vipande ndiyo njia, na kwetu njia hiyo si ngeni hata kidogo. Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mwanzilishi wa Studio Malembe Maa na baba wa filamu za katuni nchini Kongo, alitoa "Le Crapaud chez ses beaux-parents" mwaka 1991 kutoka katika hadithi ya Watetela, kwa karatasi zilizokatwa. Asiye na kompyuta leo anaweza kuanza vivyo hivyo: simu ya kawaida iliyofungwa imara juu ya meza, karatasi, mkasi, na programu kama Stop Motion Studio. Adui wake ni dirisha. Mawingu ya Butembo yanapita mchana kutwa, na kila wingu linabadilisha mwanga, hivyo filamu inakuja ikipepesa kama taa inayotaka kuzimika. Ziba dirisha kwa kitambaa kizito, weka taa mbili za LED, moja kila upande, na usiruhusu mtu kuegemea meza. Anayependa kuchora kwenye kioo cha simu atapata FlipaClip, ambayo bila malipo huweka matangazo na alama yake juu ya filamu. Kwa kujifunza inafaa sana, lakini filamu ya mteja isipelekwe na alama ya mtu mwingine.

Sasa programu za kulipia. Toon Boom Harmony ndiyo inayotumika katika studio nyingi kubwa za katuni duniani, na toleo lake la juu, Premium, linapita dola 100 kwa mwezi kwa mtu mmoja ukilipa mwezi kwa mwezi. Watu watatu kwa miezi miwili: zaidi ya dola 600, na mwezi wa tatu usipolipa, programu inafungwa na michoro yako imo ndani. Adobe Animate imekuwa ikiuzwa kwa dola 20 na ushee kwa mwezi, lakini bei hiyo ni ya mkataba wa mwaka, na anayejitoa katikati hutozwa. Soma hapo mara mbili kabla ya kubonyeza, maana studio nyingi za mjini kwetu hupata kazi kwa vipindi: miezi miwili ya mradi, minne ya kungoja. Kisha kuna kadi. Malipo hayo yanataka Visa au Mastercard, na wengi wetu tuna M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwa hiyo unamwomba mwenye kadi, naye anaweka chake juu. Katika kundi hili ninayoweza kuitetea ni Moho Pro, karibu dola 400 za kulipa mara moja. Ni hodari kwa vikaragosi vya vipande, na Cartoon Saloon ya Ireland imewahi kuitumia katika filamu zake. Toleo dogo, Moho Debut, ni karibu dola 60.

Programu za kuvunjwa, zinazotembea mjini kwenye flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta, nazikataa moja kwa moja. Virusi vyake vinafuta kazi ya mwezi kwa dakika moja, na hakuna wa kumdai. Zaidi ya hayo, sababu ya kuziiba haipo tena.

Blender ni bure tangu Oktoba 2002, wakati watu wa dunia nzima walipochanga euro 100,000 ili msimbo wake uachiwe huru. Watu huidhania ni ya 3D tu, kumbe ndani yake mna Grease Pencil, kalamu ya kuchora katuni bapa. Filamu "Flow" ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ya mwaka 2024, ilitengenezwa kwa Blender na ikachukua Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni mwezi Machi 2025. OpenToonz, iliyoachiwa huru mwaka 2016, ni ndugu wa programu iliyotumiwa na Studio Ghibli ya Japani, nayo inafaa kwa wanaochora kwa mkono. Krita ni nzuri kwa mandhari na rangi. Pencil2D ni nyepesi kiasi kwamba kompyuta ya zamani sana itaifungua. Zote nne hazilipiwi, na baada ya kuzipakua mara moja zinafanya kazi bila intaneti. Gharama yake ni muda wa kujifunza: masomo mengi yako kwa Kiingereza, na kuyatazama kwenye YouTube kunakula mega. Watu watatu wanaweza kupakua masomo kumi kwa ubora wa chini, kuyaweka kwenye diski moja, na kuyatazama pamoja bila kulipa tena.

Kwenye kompyuta ndipo wengi hupotezea pesa. Mashine nyingi za bei nafuu mjini ni zilizokwisha kutumika, zinazofika na wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai, na muuzaji husifu ukubwa wa diski na kioo. Wewe uliza kizazi cha prosesa. Blender kuanzia toleo la 4.0 inataka kadi ya picha inayokubali OpenGL 4.3, na kompyuta za Intel za kizazi cha tatu, zile za mwaka 2012 hivi, hazifiki hapo. Haina maana kwamba ni za kutupa: Blender 3.6 itafunguka, lakini bei ishuke. Nenda dukani na flashi yenye Blender ya zip, ile isiyohitaji kusakinishwa, pamoja na faili yako ndogo ya majaribio. Ifungue mbele ya muuzaji, agiza fremu moja, na upime muda kwa simu. Kisha andika amri powercfg /batteryreport usome betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia. Kumbukumbu isipungue GB 8. Kati ya diski kubwa ya kuzunguka na SSD ndogo, chukua SSD. Ubao wa kuchorea usio na kioo, wa Huion, XP-Pen au Wacom, huanzia dola 30 hadi 60 kwa watengenezaji, unakula umeme wa USB tu, na unatosha kabisa. Ule wenye kioo ungoje filamu ya tatu.

Tufike kwenye umeme, maana hapa ndipo studio hufa. Ukimaliza kusogeza vikaragosi, kompyuta lazima itengeneze picha za mwisho moja baada ya nyingine, kazi inayoitwa kurenda. Dakika tatu ni fremu 4,320. Blender ina injini mbili. Cycles inafuata mwanga kwa uhalisi na ni nzito: tuseme kwenye mashine yako inachukua dakika mbili kwa fremu, jumla ni saa 144, siku sita mchana na usiku. Eevee inakisia mwanga kwa njia za mkato: tuseme sekunde kumi, jumla saa 12. Sasa washa jenereta ndogo inayokunywa lita 0.6 kwa saa, na tuseme lita moja ya esanse kwa kadafi, mchuuzi wa kando ya barabara, ni dola moja na nusu. Cycles itakunywa lita 86, karibu dola 130. Eevee itakunywa lita 7, karibu dola 11. Filamu ile ile. "Flow" yenyewe ilirendiwa kwa Eevee, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hiyo ni njia ya maskini.

Aliyeunganishwa na umeme wa maji wa Virunga Energies, wa Mutwanga au wa Luviro, ana hesabu nyingine kabisa. Laptopu inayokula wati 80 kwa saa 144 hutumia kilowati-saa kama 11 na nusu. Tuseme kila moja ni senti 25: hazifiki dola tatu. Kati ya dola 130 na dola tatu kuna posho ya mchoraji mmoja kwa siku 15. Ndiyo maana ningelipa kodi kubwa zaidi kwa chumba chenye waya wa uhakika kuliko kukaa bure nyumbani na jenereta. Kwa asiyefikiwa na waya kuna sola, ila asidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye betri. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 inabeba wati-saa 1,200, na usipotaka kuiua mapema utatumia nusu, yaani saa saba na nusu za laptopu hiyo. Ya lithiamu ya ukubwa huo inakupa karibu saa 13, usiku mzima wa Eevee, na ni ghali zaidi siku ya kuinunua.

Umeme wowote unaweza kukatika, kwa hiyo usirende moja kwa moja kuwa video. Agiza picha za PNG, kila fremu faili yake. Video ikikatwa katikati mara nyingi haifunguki tena, na unaanza upya. Picha zikikatwa kwenye fremu ya 3,100, unaendelea na 3,101. Mpangilio huo hauna gharama. Kwetu una uzito mwingine pia. Beni imebeba mauaji ya waasi wa ADF tangu Oktoba 2014, jimbo letu la Kivu Kaskazini liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na hakuna filamu inayostahili mtu atembee usiku kwenda kuangalia kama mashine imezima. Funga mlango saa kumi na moja jioni, uiache ifanye kazi peke yake. Upande wa Beni, ambako ni chini na joto ni kali kuliko Butembo, ipandishe juu ya vipande viwili vya mbao ili feni ipumue, na uitoe vumbi kila wiki.

Wengine watakushauri urende bure kwa SheepIt, mtandao ambamo watu hukopeshana nguvu za kompyuta zao. Ni mpango mzuri kwa mwenye intaneti isiyo na kikomo. Wewe, tuseme kila PNG ni MB 2, itabidi ushushe GB 8.6 ili kupata filamu yako mwenyewe. Linganisha na forfe ya mtandao wako kabla ya kufurahi.

Mtazamaji naye analipa mega. Video ya dakika tatu yenye ubora wa juu, Mbps 8, ina MB 180. Ukiibana hadi Mbps 0.6 inakuwa MB 13.5, na hiyo ndiyo itakayopita katika makundi ya WhatsApp kutoka Kasindi hadi Lubero. Toa zote mbili: kubwa ya tamasha na mteja, ndogo ya watu. Chora ukikumbuka hiyo ndogo, sura kubwa na mistari minene, kwa sababu maandishi madogo hayatasomeka.

Imebaki sauti. Simu nzuri ndani ya chumba chenye magodoro ukutani na programu ya bure Audacity vinatosha. Panga lugha kabla ya kuchora midomo. Butembo utataka Kinande, Beni utataka Kiswahili, na mashirika yatataka Kifaransa. Ukimchorea mhusika midomo kumi inayofuata kila herufi, kila lugha ni kazi mpya. Ukimpa midomo minne, uliofungwa, ulio wazi kidogo, ulio wazi sana na wa mviringo, filamu moja inabeba lugha zote tatu kwa kupanga upya midomo hiyo tu, na katika bei unayomwandikia mteja, kila lugha ya nyongeza inakuwa siku moja ya waigizaji wa sauti na usiku mmoja wa Eevee.